Kutoka Ngomeni hadi Kiini cha Galaksi: Nafasi ya Ikweta ya Afrika Mashariki katika Historia ya Maarifa kuhusu Mikondo ya Mashimo Meusi na Miale ya Gama, 1967–2022

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna wanaanga walivyofikia hitimisho kwamba miale ya gama itokayo katika galaksi hai hutiwa nguvu na mikondo inayofyatuliwa kutoka kandokando ya mashimo meusi makubwa. Historia hiyo kwa kawaida husimuliwa kwa kutaja vyuo na maabara za Marekani na Ulaya, huku pwani ya Kenya ikitajwa kwa sentensi moja kama mahali roketi ziliporushwa. Makala yanajenga hoja kwamba ikweta ya Afrika Mashariki ilikuwa sharti la kisayansi na si mandhari tu. Hoja hiyo inapimwa kutokea Isingiro, wilayani Kyerwa, mahali ambapo hapakuwa na jukwaa wala kituo, lakini satelaiti zilizohusika zilipita katika anga lake kwa kila mzunguko. Inahitimishwa kwamba mchango wa eneo hili ulikuwa halisi, una mipaka inayoweza kuonyeshwa, na ulitenganishwa mapema na fursa ya watu wa eneo hilo kuyamiliki maarifa yaliyopatikana.

1. Utangulizi

Kata ya Isingiro ipo kati ya digrii 1 na 2 kusini mwa ikweta, katika pembe ya kaskazini-magharibi ya Tanzania ambako Mto Kagera hutenganisha nchi tatu. Leo ni sehemu ya Wilaya ya Kyerwa, iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Mwaka 1970 ilikuwa bado chini ya Karagwe, na mkoa wenyewe ukiitwa Ziwa Magharibi. Tarehe 12 Desemba mwaka huo, satelaiti yenye uzito wa takriban kilogramu 140 ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Siku hiyo Kenya ilikuwa inaadhimisha miaka saba ya kujitawala. Marjorie Townsend, meneja wa mradi katika kituo cha Goddard cha shirika la anga la Marekani, NASA, aliipa satelaiti hiyo jina la Kiswahili: Uhuru.

Uhuru iliizunguka dunia kwa takriban dakika 96, katika njia iliyoinama digrii 3 tu kutoka ikweta. Kijiometri, maana yake ni kwamba haikuwahi kupita kaskazini zaidi ya digrii 3 wala kusini zaidi ya digrii 3. Kwa hiyo, katika kila mzunguko mmoja, mara kama 15 kwa siku, ilikuwa juu ya upeo wa macho wa Isingiro. Mkulima wa Karagwe hakuwa na namna ya kulijua hilo. Hata hivyo, chombo kilichopita juu ya shamba lake ndicho kilichoanza kuonyesha kwamba katika viini vya baadhi ya galaksi kuna mitambo ya nishati isiyofanana na nyota.

Swali linaloongoza makala haya ni hili: je, kupita huko kulikuwa sadfa ya ramani, au kulikuwa sehemu ya sababu zilizofanya ugunduzi uwezekane? Jibu lina uzito wa kihistoria. Ikiwa ni sadfa, Afrika Mashariki inastahili tanbihi tu katika historia ya fizikia ya anga. Ikiwa ni sababu, basi masimulizi yaliyopo yana pengo, na pengo hilo linahusu pia nani alinufaika na maarifa hayo na kwa lugha gani.

Istilahi chache zinahitaji kufafanuliwa. “Galaksi hai” ni galaksi ambayo kiini chake hung’aa kwa nishati isiyoweza kutokana na nyota zake pekee. “Mkondo” hapa ni mtiririko mwembamba wa chembe zenye chaji na uga sumaku, unaotoka pande mbili za shimo jeusi kwa kasi inayokaribia ile ya nuru. “Blaza” ni galaksi hai ambayo mmojawapo wa mikondo yake umeelekea karibu moja kwa moja duniani.

2. Tatizo lililorithiwa: nishati katika nafasi ndogo

Dalili ya kwanza ya mkondo ilionekana kabla haijaweza kueleweka. Mwaka 1918, Heber Curtis wa Kituo cha Lick huko California aliandika kwamba galaksi ya M87 ina mwali ulionyooka unaotoka katika kiini chake. Hakuwa na nadharia ya kuufafanua. Katika miaka ya 1950, wanaastronomia wa redio walibaini kwamba galaksi kadhaa hutoa mawimbi makali kutoka katika mawingu mawili yaliyo mbali, kila upande wa galaksi. Iosif Shklovsky alipendekeza kwamba nuru ya mwali wa M87 hutolewa na elektroni zinazozunguka kwa kasi kubwa ndani ya uga sumaku, yaani mnururisho wa sinkrotroni. Vipimo vya mwelekeo wa mawimbi ya nuru hiyo, alivyovifanya Walter Baade, viliunga mkono pendekezo hilo.

Mwaka 1963 Maarten Schmidt alitambua kwamba 3C 273, iliyoonekana kama nyota ya kawaida, ipo umbali wa zaidi ya miaka-nuru bilioni mbili. Ili kionekane kutoka umbali huo, kitu hicho kilipaswa kung’aa kuliko galaksi nzima. Zaidi ya hayo, mwanga wake ulibadilikabadilika katika muda mfupi, na kitu hakiwezi kubadilisha mwanga wake wote kwa haraka kuliko muda ambao nuru huchukua kukivuka. Hivyo basi, nishati ya galaksi nzima ilikuwa inatoka katika nafasi isiyozidi sana mfumo wa jua.

Muunganiko wa nyuklia, unaozipa nyota nguvu, hubadilisha takriban asilimia 0.7 tu ya maada kuwa nishati. Mwaka 1964 Edwin Salpeter na Yakov Zel’dovich, kila mmoja kwa njia yake, walionyesha kwamba maada inayoanguka kuelekea kitu kizito sana inaweza kutoa nishati nyingi zaidi. Kwa shimo jeusi, kiwango hicho ni kati ya takriban asilimia 6 na zaidi ya 40, kutegemea kasi ya kuzunguka kwake. Mwaka 1969 Donald Lynden-Bell alipendekeza kwamba viini vya galaksi vina mashimo meusi ya aina hiyo.

Pendekezo hilo lilikuwa na mantiki, lakini halikuwa na ushahidi wa kutosha. Darubini za nuru na za redio zilikuwa zinaona matokeo ya mbali na si mtambo wenyewe. Ushahidi uliohitajika ulikuwa katika eksirei na miale ya gama, ambayo hutoka mahali penye nishati kubwa zaidi. Miale hiyo haifiki ardhini kwa sababu angahewa huizuia. Ilibidi vyombo vipelekwe juu, na hapo ndipo suala la mahali lilipoingia.

3. Kwa nini ikweta

Jukwaa la San Marco lilikuwa zao la ushirikiano wa Italia na Marekani ulioanza mwaka 1962. Luigi Broglio, profesa wa Chuo Kikuu cha Roma, alihitaji mahali ambapo nchi yenye roketi ndogo ingeweza kurusha satelaiti. Roketi ya Scout ilikuwa na nguvu ndogo, na ikweta iliipa faida mbili. Kwanza, mzunguko wa dunia huiongezea roketi inayoelekea mashariki kasi ya takriban mita 465 kwa sekunde. Pili, satelaiti inayorushwa moja kwa moja haiwezi kuingia katika njia iliyoinama kidogo kuliko latitudo ya mahali iliporushwa. Roketi ya aina hiyo hiyo ikirushwa kutoka Wallops, Virginia, karibu digrii 38 kaskazini, haiwezi kuifikia njia ya ikweta. Ikirushwa kutoka Ngomeni, karibu digrii 3 kusini, inaifikia bila gharama ya ziada. Tarehe 26 Aprili 1967, San Marco 2 ikawa satelaiti ya kwanza kurushwa kutoka hapo.

Hata hivyo, faida ya tatu ndiyo iliyokuwa muhimu zaidi kwa wanaanga. Vyombo vya kupimia eksirei na miale ya gama husumbuliwa na chembe za kosmiki zinazogonga kifaa na kutoa ishara za uongo. Uga sumaku wa dunia huzizuia chembe hizo kwa ufanisi mkubwa zaidi karibu na ikweta kuliko kwenye latitudo za juu. Aidha, juu ya kusini mwa Atlantiki kuna eneo ambako mikanda ya mnururisho hushuka chini, na satelaiti zinazolipitia hulazimika kuzima vipimo vyake. Njia ya ikweta huligusa eneo hilo pembezoni tu. Kwa chombo kinachotafuta ishara hafifu, tofauti hiyo ilikuwa sawa na tofauti kati ya kusikiliza mnong’ono sokoni na kuusikiliza usiku wa manane.

Kwa mantiki hiyo, ukanda mwembamba wa anga unaopita juu ya Malindi, Ziwa Viktoria na Kagera ulikuwa sehemu ya kifaa chenyewe. Utulivu wa ukanda huo haukutengenezwa katika maabara. Ulitolewa na jiografia.

4. Uhuru na SAS-2, 1970–1973

Satelaiti 9 zilirushwa kutoka San Marco kati ya 1967 na 1988. Kati ya hizo, 4 zilikuwa za kuchunguza anga la eksirei na gama: Uhuru, SAS-2 ya tarehe 15 Novemba 1972, Ariel 5 ya Uingereza ya tarehe 15 Oktoba 1974, na SAS-3 ya Mei 1975.

Uhuru, chini ya uongozi wa kisayansi wa Riccardo Giacconi, ilikuwa satelaiti ya kwanza kutengenezwa kwa ajili ya astronomia ya eksirei pekee. Ilikuwa pia satelaiti ya kwanza ya Marekani kurushwa na wafanyakazi wa nchi nyingine, yaani Waitalia. Orodha yake ya nne, iliyotolewa mwaka 1978, ina vyanzo 339. Inakumbukwa zaidi kwa Cygnus X-1, shimo jeusi katika galaksi yetu. Kwa mada ya makala haya, hata hivyo, vyanzo vyake vya mbali vina uzito mkubwa zaidi: M87, Centaurus A, 3C 273 na NGC 4151. Vitu ambavyo darubini za nuru na redio zilikuwa zimevitaja kwa majina tofauti vilianza kuonekana kama familia moja yenye kiini chenye nishati kubwa. Baadaye Ariel 5 ilithibitisha kwamba galaksi za aina ya Seyfert, kama kundi, hutoa eksirei.

SAS-2 ilikuwa na lengo gumu zaidi. Kabla yake, satelaiti ya OSO-3 ilikuwa imekusanya miale ya gama 621 tu kutoka anga lote. Carl Fichtel na wenzake wa Goddard walitumia chemba ya cheche, kifaa ambacho ndani yake mwale wa gama hugeuka kuwa elektroni na positroni, na nyayo za jozi hiyo huonyesha ulikotoka. Chombo hicho kilifanya kazi hadi tarehe 8 Juni 1973, kiliposhindwa kutokana na hitilafu ya umeme. Katika miezi hiyo isiyotimia saba, kilibaini vimulimuli vya Crab na Vela, na kilithibitisha kwamba kuna mng’ao hafifu wa gama unaotoka pande zote za anga, nje ya galaksi yetu.

Mng’ao huo ndio kiungo cha historia hii. SAS-2 haikuweza kuitambua galaksi hai hata moja katika gama. Ilichoweza kufanya ni kupima kiasi cha mng’ao na kuweka ukomo wa juu kwa kila galaksi. Kutokana na vipimo hivyo, mwaka 1979 Giovanni Bignami, Fichtel na wenzao walihoji kama galaksi hai, zikijumlishwa, zinaweza kueleza mng’ao wote. Hiyo ilikuwa dhana iliyosubiri vyombo bora. Ni muhimu kutambua kwamba kipimo cha mng’ao hafifu kiasi hicho kilitegemea utulivu wa njia ya ikweta. Katika mazingira yenye chembe nyingi za kosmiki, ishara yenyewe ingemezwa na kelele. Hapa hoja ya makala haya inapata ushahidi wake ulio wazi zaidi: mahali paliamua kile kilichoweza kupimika.

5. Mtambo wafafanuliwa

Wakati vipimo vikikusanywa, nadharia ilikuwa inakua. Martin Rees alikuwa ametabiri mwaka 1966 kwamba maada inayokuja karibu moja kwa moja kuelekea mtazamaji, kwa kasi inayokaribia ya nuru, itaonekana kana kwamba inaizidi nuru. Mwaka 1971 mtandao wa darubini za redio ulishuhudia mwonekano huo katika 3C 279. Mwaka 1977 Roger Blandford na Roman Znajek walionyesha jinsi nishati inavyoweza kutolewa katika shimo jeusi linalozunguka. Uga sumaku ulioletwa na diski ya maada hupenya eneo la karibu na shimo, hukokotwa na mzunguko wake, na kufanya kazi kama jenereta. Nishati inayotoka haiibwi ndani ya shimo kwa kuvunja sheria ya kwamba hakuna kitokacho humo. Hutolewa katika mzunguko, nao hupungua taratibu.

Maelezo yanayokubalika leo yana hatua nne. Ya kwanza ni hiyo ya chanzo: mzunguko wa shimo na uga sumaku huanzisha mkondo. Ya pili ni kuongeza kasi: ndani ya mkondo, mawimbi ya mshtuko au kukatika na kuungana upya kwa mistari ya uga sumaku huzipa elektroni nishati kubwa mno. Ya tatu ni kunururisha: elektroni hizo hutoa nuru na eksirei zinapozunguka katika uga sumaku, kisha huzigonga fotoni dhaifu na kuzipandisha hadi kuwa miale ya gama. Mgongano huo huitwa mtawanyiko kinyume wa Compton. Ya nne ni kukuza: kwa kuwa mkondo unasafiri karibu na kasi ya nuru, mnururisho wake hukusanyika mbele kama mwanga wa tochi. Anayetazamwa na tochi huiona kali kupita kiasi; aliye pembeni huiona hafifu.

Hatua ya nne ndiyo iliyoeleza kwa nini SAS-2 haikuona galaksi moja moja. Satelaiti ya Ulaya COS-B, iliyorushwa mwaka 1975, ilipata moja tu, 3C 273. Kisha, mwaka 1991, chombo cha EGRET katika kituo cha Compton kiliiona 3C 279 ikilipuka. Kama ingekuwa inatoa gama sawasawa pande zote, ingekuwa inang’aa maelfu ya mara kuliko galaksi yetu yote. Muda si mrefu ikadhihirika kwamba vyanzo vya aina hiyo vyote ni blaza. Mwaka 1992 darubini ya Whipple huko Arizona, inayonasa mweko wa nuru unaosababishwa na gama angani, iliiona Markarian 421 kwa nishati kubwa zaidi. Satelaiti ya Fermi, iliyorushwa tarehe 11 Juni 2008, imeorodhesha zaidi ya galaksi hai 2,800, karibu zote zikiwa blaza. Dhana ya mwaka 1979 ilikuwa imepata msingi.

Afrika ilichangia pia kutoka ardhini. Darubini za H.E.S.S. nchini Namibia, usiku wa tarehe 28 Julai 2006, ziliiona blaza PKS 2155-304 ikiongeza na kupunguza gama zake ndani ya dakika chache. Kwa shimo jeusi lenye uzito wa majua bilioni moja, nuru huhitaji takriban saa 2.7 kuvuka umbali ulio sawa na nusu-kipenyo chake. Mlipuko wa dakika chache ulimaanisha kwamba gama zilitoka katika sehemu ndogo ya mkondo iliyokuwa ikisafiri kwa kasi ya ajabu, na si kandokando yote ya shimo. Mwaka 2020 darubini hizo hizo zilionyesha kwamba gama za Centaurus A hutoka katika urefu wa mkondo, maelfu ya miaka-nuru. Elektroni haziwezi kuishi safari hiyo bila kupoteza nishati. Kwa hiyo huongezewa kasi upya njiani.

6. Malindi kama sikio: 1996–2022

Roketi ya mwisho kupeleka satelaiti kutoka San Marco iliruka mwezi Machi 1988. Masimulizi mengi huishia hapo, kana kwamba mchango wa pwani ya Kenya ulizikwa pamoja na jukwaa. Ushahidi unaonyesha vinginevyo. Satelaiti iliyo katika njia ya ikweta haiwezi kuwasiliana na kituo kilicho Ulaya au kaskazini mwa Marekani, kwa kuwa haipandi juu ya upeo wa macho wake. Lazima kituo kiwe karibu na ikweta. Kwa sababu hiyo, kituo cha ardhini cha Malindi kiliendelea kupokea data.

BeppoSAX ya Italia na Uholanzi ilirushwa mwaka 1996 kutoka Florida, lakini iliwekwa katika njia yenye mwinamo wa takriban digrii 4, na data zake zilishuka Malindi. Mwezi Aprili 1997 iliiona Markarian 501 ikipanda hadi eksirei kali ambazo hazikutarajiwa, wakati huohuo darubini za ardhini zikiona gama zake zikipanda. Kupanda kwa pamoja kuliunga mkono wazo kwamba elektroni zilezile hutoa mnururisho wa aina zote mbili. Satelaiti ya Swift, ya mwaka 2004, nayo hutumia Malindi kama kituo chake kikuu. AGILE, satelaiti ya gama ya Italia iliyorushwa kutoka Sriharikota, India, mwezi Aprili 2007, ilizunguka kwa mwinamo wa digrii 2.5, ikapeleka data zake Malindi, na kushuhudia milipuko mikubwa ya blaza 3C 454.3.

Tarehe 22 Septemba 2017, kituo cha IceCube katika ncha ya kusini kilinasa nutrino iliyotoka upande wa blaza TXS 0506+056, ambayo Fermi iliiona ikiwa katika mlipuko wa gama. Swift na AGILE zilikuwa miongoni mwa vyombo vilivyofuatilia. Nutrino haitolewi na elektroni zinazogonga fotoni, huhitaji protoni. Kwa hiyo tukio hilo lilifungua upya swali la iwapo mikondo hubeba protoni zenye nishati kubwa pamoja na elektroni.

IXPE, iliyorushwa tarehe 9 Desemba 2021, inahitimisha mfululizo huu. Njia yake inakaribia kabisa ikweta, na kituo chake kikuu cha ardhini ni Malindi. Mwezi Machi 2022 ilipima mpangilio wa mawimbi ya eksirei za Markarian 501, galaksi ileile ya 1997. Mpangilio huo ulikuwa karibu mara mbili ya ule wa nuru ya kawaida, na ulielekea sambamba na mkondo. Matokeo hayo yanalingana na elektroni zinazoongezewa kasi kwenye wimbi la mshtuko, kisha kupoa zinapolikimbia. Swali la hatua ya pili, lililokuwa limebaki wazi kwa miongo, lilipata jibu kwa aina hii ya blaza, na data za jibu hilo zilishukia pwani ya Waswahili.

7. Mjadala: mipaka ya hoja

Kuna pingamizi moja la msingi. Compton, Fermi na COS-B hazikuzunguka ikweta, nazo zilileta matokeo makubwa. Je, ikweta haikuwa ya lazima? Pingamizi hili ni sahihi kwa kiasi fulani. Vyombo vikubwa vyenye ngao bora za kuchuja chembe za kosmiki vilipunguza hitaji la utulivu wa ikweta. Vilevile, roketi ya IXPE, yenye nguvu nyingi kuliko Scout, iliweza kuondoka Florida na kugeuza njia hadi kwenye ikweta. Kwa hiyo, faida ya kurushia ilikuwa ya kipindi fulani: ilikuwa kubwa wakati vyombo vilikuwa vidogo na roketi dhaifu. Lakini kipindi hicho ndicho kilichouanzisha uwanja wenyewe, na hitaji la kusikilizia kutoka ikweta halikuisha hadi leo.

Suala la pili ni la umiliki. Uhuru ilikuwa jina la shukrani kwa wenyeji, na halikuwa makubaliano ya kugawana maarifa. Giacconi alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002, naye aliistahili. Upande wa Kenya, majadiliano ya jinsi nchi inavyopaswa kufaidika yalichukua miongo, hadi makubaliano mapya na Italia yaliyotiwa saini Trento mwaka 2016, yenye vipengele vya mafunzo na upatikanaji wa data. Kenya ilianzisha Wakala wake wa Anga mwaka 2017. Kati ya Uhuru ya angani na vipengele hivyo kuna karibu nusu karne.

Isingiro inaweka suala hilo katika hali yake ya wazi zaidi, kwa sababu haikupata hata kodi ya ardhi wala ajira ya bandarini. Kwa upande wa anga, haikosi kitu: kutoka latitudo yake, M87, 3C 273, Centaurus A, Markarian 501 na PKS 2155-304 zote huchomoza juu ya upeo wa macho. Kwa upande wa maarifa, inakosa karibu vyote. Mwanafunzi wa Kyerwa husoma shule ya msingi kwa Kiswahili na kukutana na fizikia ya sekondari kwa Kiingereza. Hadithi ya satelaiti yenye jina la lugha yake humfikia, ikimfikia, kama habari ya watu wengine. Jina lilivuka mipaka ya lugha; maarifa yaliyopatikana kwa jina hilo hayakurudi.

8. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba maelezo ya sasa kuhusu miale ya gama ya galaksi hai, kuanzia mzunguko wa shimo jeusi hadi mshtuko ndani ya mkondo, yalijengwa hatua kwa hatua, na kwamba hatua kadhaa kati ya hizo zilitegemea ikweta ya Afrika Mashariki: utulivu wa njia uliowezesha SAS-2 kupima mng’ao wa gama, urahisi wa kurushia ulioifikisha Uhuru mahali pake, na kituo cha Malindi kilichopokea vipimo vya Markarian 501 mwaka 1997 na 2022. Utegemezi huo haukuwa wa kila chombo wala wa kila wakati, na historia inayodai zaidi ya hapo itakuwa imetia chumvi.

Matokeo haya yanadai marekebisho mawili. Katika uandishi wa historia ya sayansi, Ngomeni na Malindi zinapaswa kuingizwa katika maelezo ya sababu, badala ya kuachwa katika maelezo ya mandhari. Katika elimu, istilahi za Kiswahili za fizikia ya anga zinahitaji kutumika katika maandishi yanayofundisha jambo kamili, si katika orodha za maneno pekee. Mada hii inafaa kwa jaribio hilo kuliko nyingi nyingine, kwa kuwa sura yake ya kwanza tayari inabeba neno ambalo kila mtoto wa Isingiro analifahamu kabla hajaanza shule.